Kampasi mpya, programu mpya au kozi fupi: chuo kikuu cha umma kichague nini kinapopanga kukua?

Mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza shule ya msingi kwa pamoja. Ndivyo mabadiliko ya elimu yalivyopangwa: walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu Januari 2024 wanaishia darasa la sita, na waliowatangulia kwa mwaka mmoja wanaendelea hadi la saba kama zamani. Januari 2028 makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza. Ongeza miaka minne ya sekondari, kisha miwili ya kidato cha tano na cha sita, na watakaofaulu wanabisha hodi vyuo vikuu mwaka 2034.

Kwa mzazi hiyo ni miaka mingi. Kwa anayeandika mpango mkakati wa chuo, muda ni mfupi. Mkufunzi msaidizi atakayeajiriwa 2026, akasoma uzamili kwa miaka miwili na uzamivu kwa miaka minne, anarudi darasani kama mhadhiri mwaka 2032. Hapo ni kama ufadhili hautachelewa na msimamizi wake hatasafiri katikati ya tasnifu.

Ulinganisho huu nauandika kwa walioko kwenye kamati za mipango za vyuo vya umma vya Arusha na Moshi, kwa wakuu wa idara wanaotakiwa kupeleka mapendekezo ya "maeneo mapya", na kwa wajumbe wa mabaraza ya vyuo ambao mwisho wa yote ndio wanaonyoosha mkono kupitisha. Mawazo yanayoletwa mezani ni mengi, ila ukiyachambua yanaangukia njia tatu: kufungua kampasi mahali pengine, kuanzisha programu mpya pale chuo kilipo, au kupanua kozi fupi na masomo ya masafa. Njia ya nne, ya uzamili na utafiti, nitaigusa karibu na mwisho kwa sababu Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru, Arusha, imetupa somo lake.

Vipimo vyangu ni viwili. Cha kwanza: fursa tunayoifuata itadumu miaka mingapi? Fursa ina umri, na kila njia ya kukua ina muda wake wa kuzaa matunda. Cha pili: nani atasimama mbele ya darasa, kwa jina lake na shahada yake? Fedha, ardhi na majengo nayapa uzito, lakini nayaweka nyuma ya haya mawili. Jengo likipata fedha hukamilika ndani ya miaka miwili au mitatu. Mhadhiri hapatikani kwa haraka hiyo.

| | Kampasi mpya | Programu mpya nyumbani | Kozi fupi na masafa |
|---|---|---|---|
| Muda hadi wahitimu wa kwanza | Mrefu kuliko zote | Miaka minne hadi mitano | Miezi kwa kozi fupi |
| Mzigo unaobaki | Uendeshaji wa kila siku, bila kikomo | Walimu na vifaa vya kozi husika | Muda wa walimu waliopo |
| Fursa inayoifaa | Ya kizazi kizima | Ya miaka kumi na zaidi | Ya mwaka mmoja hadi mitatu |
| Kinachoiua | Walimu kugawanywa vipande | Kuiga programu ya jirani | Kuchosha walimu bila mpango |

Kampasi mpya

Tuanze na njia inayopendwa kuliko zote. Kampasi inaonekana kwa macho. Halmashauri inatoa ardhi, mbunge anaipigia debe, wananchi wanaona nyumba za kupangisha zikipata wateja na mama lishe wakipata biashara. Miaka ya karibuni njia hii imepata nguvu kupitia mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. Kupitia mradi huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeelekea Kagera na Lindi, Mzumbe kimeelekea Tanga, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Kigoma. Nia yake ni njema. Mtoto wa Kigoma hapaswi kuvuka nchi nzima ili asomee afya.

Kwetu huku mifano ya kulinganisha ipo. Chuo cha Uhasibu Arusha, ambacho kisheria ni taasisi lakini kinatoa shahada, kilianzia Njiro na sasa kina kampasi Babati, Dar es Salaam, Dodoma na Songea. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina Kizumbi, Shinyanga. Ukiziweka kampasi hizi kwenye mizani moja unaona kwamba zinalingana kwa jina tu.

Kizumbi iko kwenye ukanda wa pamba, na pamba imekuwa na vyama vya ushirika tangu kabla ya Uhuru. Fursa iliyopelekea chuo cha ushirika kuwa Shinyanga ina umri wa vizazi, na itaendelea kuwepo maadamu mkulima wa pamba anauza kupitia AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika wa mazao. Babati nako kuna mantiki nyingine: mhadhiri anaweza kutoka Njiro alfajiri, akafundisha na kurudi siku hiyohiyo. Umbali wa namna hiyo unaruhusu idara moja kuhudumia kampasi mbili bila kuajiri mara mbili. Songea ni habari nyingine. Kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, kwa hiyo kampasi ya huko lazima iwe na walimu wake, maktaba yake na uongozi wake tangu siku ya kwanza. Sisemi haikustahili kuwepo. Nasema bei yake ni tofauti kabisa na ya Babati, na anayeziweka kwenye fungu moja la bajeti linaloitwa "kampasi" anajidanganya.

Bei hiyo haionekani kwenye michoro ya mhandisi. Fedha za maendeleo hujenga, lakini fedha za maendeleo hazilipi umeme. Siku mradi unapofungwa, bili ya maji, walinzi, intaneti, ukarabati wa paa na mafuta ya gari vinahamia kwenye matumizi mengineyo na mapato ya ndani ya chuo. Kila kampasi inadai msajili wake, mhasibu wake, mshauri wa wanafunzi wake, na mtu wa kusimamia mitihani isivuje. Halafu kuna ajira. Chuo cha umma hakiajiri kwa kutangaza tu kazi: kinahitaji nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), kibali kutoka Ofisi ya Rais, Utumishi, na kwa kawaida mchakato unapita Sekretarieti ya Ajira. Kibali kikichelewa, kinachotokea tunakijua sote. Walimu wa kampasi mama wanapangiwa safari, vipindi vya wiki tatu vinafundishwa kwa siku tatu, wanafunzi wanaandika hadi usiku, na huko nyumbani darasa lingine linakaa bila mwalimu.

Njia hii naitetea kwa masharti mawili, na yote yatimie. Fursa ya mahali pale iwe ya kudumu, na chuo kiwe tayari kina watu na kazi pale, hata kama ni ofisi ndogo ya mkoa. Chuo Kikuu cha Ushirika kimefanya kazi mikoani kwa miongo mingi kikifundisha viongozi na watendaji wa vyama. Ofisi ya namna hiyo ikianza kuzidiwa na watu, ndipo majengo yafuate. Kinyume chake, kujenga kwanza na kutafuta sababu baadaye, sikuungi mkono hata kama ardhi ni ya bure.

Kuna jambo moja linaloipa nguvu hoja ya kampasi kwa upande wa Moshi nalo sipaswi kulipita. Ardhi hapa imebanwa. Juu kuna vihamba, yaani mashamba ya familia ya migomba na kahawa, chini kuna miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, katikati mji. Chuo kinachotaka kukua palepale hakina budi kujenga kwenda juu, na ghorofa ni ghali. Hata hivyo ghorofa moja yenye madarasa mazuri, ndani ya uzio uliopo tayari, haidai msajili wa pili wala maktaba ya pili.

Programu mpya pale pale

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo Arusha na Moshi zina utajiri ambao hatujautumia hata nusu.

Utaratibu kwanza, kwa ufupi. Idara inafanya utafiti wa mahitaji ya soko, inaandika mtaala, inaita wadau, inapeleka kwenye kitivo, Seneti inapitia, kisha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inapokea, inatuma wataalamu wake na kutoa ithibati au kurudisha na maswali. Mengi ya maswali hayo yanahusu walimu: wangapi, wa ngazi gani, wamesomea nini. Na ngazi ya chini kabisa ya kuanzia, ile ya mkufunzi msaidizi, inadai GPA ya 3.8 ya shahada ya kwanza, kwa hiyo huwezi kuokota yeyote. Ukianza leo na kila kitu kikaenda sawa, wanafunzi wa kwanza wanaingia baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, na wanahitimu miaka mitatu baadaye.

Sasa tutofautishe programu za aina mbili, maana kwenye karatasi ya mapendekezo zinafanana.

Ya kwanza ni ya kuiga. Ukitoka Moshi hadi Njiro, mwendo wa kilomita kama 80, unapita karibu na vyuo vinavyofundisha uhasibu, utawala wa biashara, ununuzi na ugavi, na usimamizi wa rasilimali watu. Vipo vya umma, vipo vya makanisa, na Chuo Kikuu Huria kina vituo vyake katika mikoa yote miwili. Chuo kinachoongeza shahada nyingine ya aina hiyo kinaweza kujaza viti mwaka wa kwanza. Lakini kinajaza kwa wanafunzi ambao wangekwenda kwa jirani. Tangu mwaka 2017 waombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni, si kupitia mfumo mmoja wa TCU kama awali, kwa hiyo mwombaji anayepata nafasi tatu anaangalia ada, hosteli na mji, kisha anaondoka. Hesabu ya udahili iliyojengwa juu ya programu ya kuiga inapanda mwaka huu na kushuka mwaka kesho, na walioajiriwa kwa ajili yake wanabaki.

Ya pili ni programu inayotokana na mahali. Nitatoa mifano minne, nikianza na Moshi kwa sababu ndiyo niliyoifikiria kwa muda mrefu.

Kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, ikafuata 1933, na Chuo cha Ushirika kikaanzishwa Januari 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine mwaka 2004 na chuo kikuu kamili mwaka 2014. Bodi ya Kahawa ina makao yake makuu Moshi. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iko Lyamungo. Hakuna mji mwingine Tanzania wenye vitu hivi vyote mahali pamoja. Sasa Umoja wa Ulaya umetunga sheria, ya mwaka 2023, inayodai kahawa inayoingia kwenye soko lake ijulikane ilikotoka hadi kwenye kipande cha shamba, kuthibitisha kwamba msitu haukukatwa kwa ajili yake. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo wa masoko ni huo: mnunuzi atataka kuona ramani. Nani atapima vihamba vya nusu ekari kule Kibosho na Marangu? Nani ataitunza kanzidata ya AMCOS na kuisoma? Shahada inayounganisha ushirika, upimaji kwa satelaiti na biashara ya mazao ina kazi ya miaka mingi mbele yake, kwa kuwa hata sheria hii ikibadilishwa, ramani ya shamba inabaki kuwa mali ya chama.

Fedha za ushirika. Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025, na mzizi wake mmojawapo ni benki ya ushirika ya Kilimanjaro, ya hapahapa Moshi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka SACCOS, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, chini ya leseni na usimamizi mkali zaidi kuliko zamani. Benki hiyo itataka maofisa mikopo wanaoelewa msimu wa mkulima. SACCOS zitataka wahasibu wanaojua kwamba mwanachama ni mwenye mali na mkopaji kwa wakati mmoja. Mhasibu wa kawaida anaweza kujifunza hayo kazini, ni kweli, ila anajifunza kwa fedha za wanachama. Hapa Chuo Kikuu cha Ushirika hakina mshindani, na ningetamani kuona mpango wake ukikaza kamba upande huu kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Maji ya Meru. Miamba ya volkano imefanya maji ya maeneo mengi ya Arusha kuwa na floridi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri. Matokeo yake tunayaona kwenye meno ya watoto wetu, na kwa walioathirika zaidi, kwenye mifupa. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa taasisi hiyo alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji. Tatizo la pale mlangoni lilizaa sayansi iliyotambuliwa duniani. Floridi haitaondoka kwenye miamba, kwa hiyo fursa hii haina mwisho unaoonekana. Pungufu lipo kwenye watu wa katikati: mafundi sanifu na wahandisi wa wilaya watakaoweka mitambo, kupima maji kila mwezi na kubadilisha vichujio. Hapo Chuo cha Ufundi Arusha, ambacho kina kituo chake cha nishati Kikuletwa wilayani Hai, kina nafasi kubwa kuliko chuo kikuu chochote.

Mfano wa nne ni lugha. Arusha ina makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Umoja wa Afrika umekifanya Kiswahili lugha yake ya kazi. Mikutano na hukumu zinataka wafasiri na wakalimani, na mazoezi ya vitendo wangeyapata hapohapo mjini. Ugumu uko kwenye walimu. Mkalimani mzuri wa Kiswahili na Kifaransa anapata zaidi kwenye mikutano kuliko kwenye mshahara wa mhadhiri. Programu hii ningeiweka kwenye orodha, lakini isingekuwa ya kwanza.

Kuna chuo kimoja hapa kwetu kinachoonyesha thamani ya kukaa kwenye jambo moja. Mweka, chuo cha wanyamapori kilichoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nacho kilianzishwa 1963. Hakikukimbilia kufundisha kila kitu. Kimefundisha wahifadhi kutoka nchi nyingi za Afrika, na anayetaka kazi hiyo hata kama anatoka mbali anajua jina lake. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa programu mpya: je, kuna mtu atakayetoka Mbeya au Lilongwe kuja kuisomea hapa, kwa sababu hapa ndipo inapofundishwa vizuri?

Angalizo moja kuhusu fedha za wanafunzi. Kabla ya kupitisha programu, angalieni vipaumbele vya Bodi ya Mikopo na vya ufadhili wa Samia, ambao tangu mwaka 2022/23 umeelekezwa kwa waliofanya vizuri masomo ya sayansi. Kijana wa familia ya kawaida anachagua kozi akiwa na swali la mkopo kichwani. Programu nzuri isiyo na kipaumbele cha mkopo inaweza kubaki na viti vitupu si kwa ubaya wake, na kamati ijue hilo mapema.

Kozi fupi na masafa

Hapa nitakwenda haraka, maana hoja ni nyepesi kuliko inavyofanywa kwenye vikao.

Kozi fupi ni chombo cha fursa yenye umri mfupi. Mfano unaonekana wazi Arusha: AFCON ya 2027 na uwanja wa Olmoti. Nimesikia watu wakipendekeza shahada ya usimamizi wa michezo na matukio kwa sababu ya mashindano hayo. Piga hesabu: shahada inayoanza kuandikwa sasa itatoa wahitimu wa kwanza mashindano yakiwa yamesahaulika. Lakini wiki sita za mafunzo kwa wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii, walinzi na vijana wa kupokea wageni, kwa lugha mbili tatu na huduma ya kwanza, zinawezekana kabisa. Tena watu hao watabaki kuhudumia wageni wa Serengeti na wapanda mlima baada ya mpira kuisha. Kwa Moshi ni hivyohivyo: wajumbe wa bodi za SACCOS na makatibu wa AMCOS hawana miaka mitatu ya kukaa chuoni, wana wiki moja baada ya mavuno.

Faida nyingine ya kozi fupi ni kwamba inapima soko. Ukifundisha upimaji wa mashamba ya kahawa kwa kozi fupi mara kadhaa na vyama vikaendelea kulipa, una ushahidi wa kupeleka TCU wenye nguvu kuliko dodoso lolote. Hatari yake ni walimu. Kozi za wikendi zinaleta posho, na mwalimu aliyefundisha Jumamosi na Jumapili anaingia Jumatatu akiwa hoi. Chuo kisipoweka kozi hizo kwenye mzigo rasmi wa kazi, uzamivu wa vijana unasimama, na hapo chuo kinakula mbegu yake.

Kuhusu masafa, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa kazi hiyo, na kina uzoefu ambao chuo cha kawaida hakiupati kwa kununua programu ya kompyuta. Sioni sababu ya Moshi au Arusha kushindana nacho kwa shahada nzima. Ninachokiona kina manufaa ni kuweka kwa masafa masomo ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi wengi, kama vile stadi za mawasiliano, ili ukumbi mmoja usibebe watu kupita uwezo wake. Hapo ndipo lile kundi la 2034 linapohusika. Kundi hilo ni wimbi la mwaka mmoja. Baada ya miaka mitatu au minne litakuwa limepita, na nyuma yake idadi itashuka kabla ya kuendelea kupanda taratibu na watu wa nchi. Wengine hawatafika kwa njia ya kidato cha sita kabisa, kwa kuwa mtaala mpya una mkondo wa amali unaoelekea kwenye ufundi. Kujenga majengo ya kudumu kwa wimbi la muda ni kupoteza. Vipindi vya jioni, kumbi za kukodi na masafa vitalibeba. Walimu watakaoajiriwa kwa ajili yake watabaki na kazi hata likipita, kwani wengi wa wahadhiri waandamizi wa leo watakuwa wamestaafu.

Je, uzamili na utafiti?

Taasisi ya Nelson Mandela iliundwa mahsusi kwa uzamili na uzamivu katika sayansi na teknolojia, na ilipata vituo viwili vya umahiri chini ya mradi wa Benki ya Dunia wa Afrika Mashariki na Kusini: kimoja cha maji na nishati, kingine cha kilimo na lishe. Maabara zimenufaika, na wanafunzi wamekuja kutoka nchi jirani. Kwa chuo chenye maprofesa na maabara, hii ni njia ya heshima ya kukua bila kujaza kumbi.

Udhaifu wake ni kwamba inaishi kwa fedha zenye tarehe ya mwisho. Mradi ukifungwa, kemikali zinaendelea kuhitajika, mashine zinataka fundi, na mwanafunzi wa uzamivu aliyeko mwaka wa pili bado ana miaka miwili. Chuo kikichagua njia hii kiweke tangu mwanzo fungu la mapato ya ndani la matengenezo, hata kama ni dogo. Na kisidahili mwanafunzi wa uzamivu ambaye ufadhili wake unaisha kabla ya tasnifu yake.

Nichague nini?

Inategemea mlipo, kwa hiyo nitajibu kwa hali.

Kama idara zenu zina wahadhiri wachache wenye uzamivu na wengine wengi wako masomoni, msifungue kampasi wala programu mpya ndani ya miaka mitatu ijayo. Wekeni nguvu kwenye kuwamaliza hao, na endesheni kozi fupi chache zinazolipa. Mradi wa HEET wenyewe, ambao watu wanaukumbuka kwa majengo, ulilipia pia masomo ya wahadhiri na kuhuisha mitaala, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yake itakayodumu zaidi.

Kama walimu mnao na viti vinajaa, chagueni programu moja inayotokana na mahali penu, moja tu, na muipe kila kitu: nafasi kwenye ikama, maabara, makubaliano ya fildi na taasisi zilizo jirani. Programu tatu zinazogawana walimu walewale ni dhaifu kuliko moja iliyoshiba. Kwa Moshi ningeanza na fedha za ushirika, kisha kahawa na ramani. Kwa upande wa Arusha ningeanza na mafundi na wahandisi wa maji.

Kama mna ofisi ya mkoa inayozidiwa na maombi mwaka hadi mwaka, na angalau nusu ya walimu watakaohitajika wako tayari kuhamia huko na familia zao, jengeni kampasi. Waulizeni kwa maandishi kabla ya kukubali ardhi. Jibu la mwalimu mwenye watoto shuleni Moshi litawaambia mengi kuliko upembuzi yakinifu.

Na kabla ya kuajiri kwa ajili ya lolote kati ya haya, angalieni mlicho nacho ndani ya kilomita hizo 80. Tengeru kuna wataalamu wa maji na chakula, Njiro kuna wahasibu na watu wa teknolojia ya habari, Moshi kuna wa ushirika, Mweka wa wanyamapori. Vyuo vyote hivyo ni vya umma na vinalipwa na hazina ileile. Kuazimana walimu kwa mkataba unaoeleweka, mhadhiri wa Moshi afundishe ushirika Njiro siku mbili kwa wiki na wa Tengeru aje Moshi kufundisha usindikaji wa chakula, hakuhitaji kibali kipya cha ajira wala jengo. Wakuu wa idara wanaweza kulianza jambo hili muhula ujao, na mpango mkakati ulifuate likiwa tayari linatembea.